Nilipotumwa Kutema Mate kwa Niaba ya Ukoo

Katika familia yetu mtu haendi mahali, anatumwa. Kukiwa na msiba kijijini Bule hatuendi wote, kwa sababu barabara ile si ya kuichezea na kila mtu ana shughuli zake. Tunachagua mmoja, tunamkabidhi pole zetu, naye anakwenda kulia kwa ajili yetu sote. Mimi mwenyewe nimewahi kulia kwa niaba ya watu kumi na wanne, na nilipotulia kidogo ili ninywe maji, mama mmoja wa pale aliniuliza kama hao wengine kumi na wanne hawakuwa na uchungu. Mtu wa namna hiyo tunamwita délégué, na heshima yake ni kubwa. Akirudi, alichokiona tumekiona, alichoambiwa tumeambiwa, na ukisema kwamba wewe hukufika msibani utakemewa kama mwongo.

Kwa hiyo asishangae mtu nikisema kwamba nilichaguliwa kwa kura, katika kikao halali, kwenda kutema mate kwa niaba ya ukoo mzima wa mama yangu.

Ukoo huo ni wa Kpandroma, watu wa kabichi, viazi na baridi. Wanawake wake ni wachapakazi na wanakufa mapema kwa ugonjwa wa titi. Bibi alikufa hivyo, tukaambiwa ni jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba. Mama akafa hivyo hivyo, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa, tukaambiwa ni tabia yake ya kuficha simu ndani ya sidiria. Mama mdogo alipofuata, wakasema amepewa sumu sokoni. Kila marehemu alikuwa na mkosaji wake, na hakuna aliyejiuliza inakuwaje jirani, simu na sumu vyote vichague sehemu ileile ya mwili. Mimi pia sikujiuliza, ingawa nafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Bunia, Kongo, na kila mwaka nachora ubaoni njegere laini na njegere zenye mikunjo, nikieleza jinsi mbegu inavyorithi. Njegere nilizielewa. Mama yangu sikumchora ubaoni.

Mama alituacha mabinti watatu: dada yetu mkubwa, yaya kama tunavyomwita hapa ndugu mkubwa, mimi, na mdogo wetu ambaye alikuwa na miaka sita. Huyo mdogo nilimlea mimi. Nilimchana nywele, nilimfulia uniforme, nilimpiga alipoiba sukari, na leo ni fundi wa kushona mwenye binti wa miaka mitatu. Nikimtaja katika habari hizi, mjue kwamba namtaja mtu ambaye sikuwa tayari kumzika.

Dada mkubwa alipoona uvimbe hakungoja kutafuta mkosaji. Alikwenda Kampala, wakamkata titi, wakampa dawa zilizomnyoa nywele na nyusi. Daktari wa huko, aliposikia habari za bibi, mama na mama mdogo, aliomba ruhusa ya kupima kitu kingine katika damu yake. Majibu yalikuja kwa barua, na dada alinipa niende nayo kwa daktari kijana wa hapa Bunia ili atufafanulie.

Daktari huyo alisoma barua mara mbili, kisha akavua miwani.

“Mu mwili kuko maagizo ya kuzuia seli zisizaane ovyo,” alisema. “Kila mutu anapewa kopi mbili, moja kwa baba, moja kwa mama. Ule yaya yako alizaliwa na kopi moja yenye iliharibika. Sasa waza pikipiki yenye iko na breki mbili, na moja ilikufa tangu siku uliinunua. Unaweza kuendesha miaka mingi na hauoni kitu. Siku ile ya pili itakatika mu mutelemuko, ndiyo utajua.”

Alinieleza kwamba kuzaliwa na kopi hiyo si hukumu ya kufa, ila ni hatari kubwa kuliko ya wanawake wengine, na anayejua mapema anaweza kuchunguzwa mara kwa mara, au hata kutolewa matiti kabla ya ugonjwa. Alisema wanaume pia wanaibeba na kuipitisha kwa watoto wao. Alisema kila mtoto wa mama yangu alikuwa na nafasi nusu kwa nusu, kila mmoja na bahati yake, na kwamba kila mmoja anapaswa kupimwa. Neno hilo, kila mmoja, alilisema mara tatu. Nakumbuka vizuri kwa sababu baadaye nilijaribu sana kulisahau.

Kikao kilifanyika mtaa wa Nyakasanza, nyumbani kwa mjomba, kaka wa mama. Mjomba amestaafu kutoka ofisi ya commune, ambako kwa miaka mingi alipiga muhuri vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya kufa. Muhuri aliuacha ofisini lakini mkono haujapata habari. Akizungumza, ngumi yake inagonga meza taratibu kila baada ya sentensi. Nilieleza barua yote. Nilieleza kopi mbili, breki, nusu kwa nusu. Watu walisikiliza vizuri, wakaguna panapostahili, na nilipomaliza mjomba aliuliza swali moja.

“Damu ya siye wote iko moja ao iko mbili?”

“Iko moja,” watu walijibu.

“Sasa juu ya nini tutume watu kumi kupeleka kitu moja?” Ngumi ikagonga meza.

Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi nilihisi ni ndogo, kwamba daktari alisema kila mmoja. Mjomba alinijibu kwa upole kwamba madaktari wanasema hivyo kwa watu wasio na familia. Kisha akauliza wanachopima ni nini hasa, nikasema huko Kampala siku hizi si lazima damu, mtu anatema mate kwenye kichupa. Hapo kikao kilichangamka. Kwetu, mzee akimbariki mtoto anamtemea mate kidogo kwenye paji la uso, kwa hiyo mate si jambo la kuachia mtu yeyote.

“Mate ya muzee ndiyo iko na nguvu,” mjomba alisema. “Mulete chupa. Nitaweka yangu, mupeleke.”

“Mujomba, chupa haisafiri hivyo. Mutu anaenda mwenyewe,” nilisema. “Lakini ni kweli ata weye unaweza kupimwa. Docteur alisema wanaume pia banabeba.”

“Miye?” Alijitazama kifuani. “Niko na titi gani?”

Watu walicheka mpaka mmoja akakohoa. Mjomba akajiondoa katika orodha ya wagombea, na kura ikanipata mimi. Sababu zilitajwa wazi: najua Kifaransa, ingawa Kampala wanasema Kiingereza, nafundisha mambo ya mwili, nina passeport, na sili hovyo safarini. Mdogo wangu ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Ningeweza kukataa. Najua kila kitu kilichokuwa na makosa katika kikao kile. Ningempa mwanafunzi sifuri kwa hoja ya namna hiyo. Lakini nilikuwa naogopa. Tangu siku ya barua nilikuwa najipapasa kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na sasa watu walikuwa wanataka kunipeleka kujua ukweli wangu, tena kwa nyimbo na maombi. Nilijiambia nitaenda kwanza, nitawaeleza nikirudi. Na nikiri pia kwamba kuchaguliwa kunapendeza.

Kule Kampala mhudumu wa kike alinipa kichupa na kuniambia nisile wala kunywa kwa nusu saa. Niliketi pale nikitafuta mate, na mdomo ukakauka kama wa mwanafunzi siku ya mtihani. Mhudumu aliniuliza, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kama nina ndugu wengine na watakuja lini. Nilimjibu kwamba wengine wamewakilishwa. Alinitazama kidogo, akaandika kitu, sikuona alichoandika.

Baada ya wiki kadhaa majibu yakaja. Ile kopi mbovu ya dada yangu mimi sikuwa nayo. Daktari kijana alinipa mkono, na mimi, mwalimu mzima, nilitoka nje nikakumbatia ukuta wa hospitali. Nilifurahi peke yangu kwa muda kama wa dakika tano. Kisha nikamtumia mjomba picha ya barua kwenye simu, kwa sababu délégué lazima atoe ripoti, na mjomba akaiweka kwenye kundi la familia na maneno matano: “Famille yote iko négatif. Asifiwe.” Amina zikaanza kumiminika kutoka Mahagi, Kisangani, Beni, na hata kwa watu ambao sikujua kwamba bado tunahesabiana nao undugu. Nilianza kuandika maelezo marefu ya kusahihisha. Nilikuwa nayaandika bado wakati mtu alipotangaza mbuzi.

Misa ya shukrani ilifanyika Jumapili, na mbuzi akaliwa kwa mjomba. Nilikalishwa kiti cha mbele. Nilipewa ini. Kila niliyetaka kumweleza alinijaza sahani, nami nikaona kwamba si adabu kuwaharibia watu sherehe kwa njegere. Dada mkubwa aliketi karibu na mlango, kitambaa kichwani, upande mmoja wa blauzi umejazwa pamba. Hakula. Mjomba aliposimama na kusema kwamba sasa imeonekana wazi ugonjwa hauko katika damu yetu, dada aliniita kwa kidole, nikamsogelea.

“Walisema famille iko négatif,” aliniambia taratibu. “Basi miye niko wa nani?”

Nilikuwa na ini mkononi. Niliona aibu ambayo sijaimaliza hadi leo, na kama hiyo haikutosha, mdogo wangu alipita nyuma yetu akicheka, amembeba binti yake, akaniambia kwamba ile siku aliyopangiwa na daktari kijana ya kuchunguzwa matiti, amekwenda kuifuta. Nafasi amempa mama mwingine. “Ule maskini anaihitaji,” alisema.

Kesho yake nilimfuata sokoni Nyakasanza, kwenye baraza anakoshonea.

“Utarudi kwa docteur lini?” nilimuuliza.

“Kufanya nini tena? Siye tuko négatif.”

“Miye ndiye niko négatif. Weye bado hatujui.”

Alisimamisha cherehani. “Yaya, ulienda kwa siye wote. Sasa unataka tuanze tena?”

Nikamweleza. Nilichukua vifungo vya shati kutoka kwenye kopo lake, vyeupe na vyeusi, nikavipanga mezani jozi kwa jozi: hiki cha mama, hiki cha baba, hiki kimekwenda kwa yaya, hiki kimekuja kwangu. Nilifundisha vizuri, nadhani sijawahi kufundisha vizuri namna ile. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakusanya vifungo vyake na kuvirudisha kwenye kopo.

“Unajua shida yako?” alisema. “Ukipata kitu kizuri, unatafuta kasoro.”

Nilikasirika sana nikaondoka bila kuaga. Nilirudi mara nyingine, na nyingine. Miezi miwili nilimsumbua. Nilimsihi, nilimtisha, nilimletea daktari kijana kwenye simu, naye akamsikiliza kwa heshima, akamshukuru, akamwambia kwamba familia imekwisha kushughulikia. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nimemwambia mtu huyu tangu utotoni amwamini dada yake, na alikuwa ananiamini mno.

Mwishowe nilimwomba mjomba aitishe kikao kingine. Watu walikuja wakidhani kuna habari njema zaidi. Nilisimama nikasema niliyopaswa kusema mara ya kwanza.

“Mujomba, najitoa mu kazi ya délégué. Mate yangu ilisema mambo yangu tu. Haikusema kitu juu ya mutu mwingine hapa. Nilijua, na nilinyamaza.”

Katika familia yetu hakuna aliyewahi kujiuzulu ujumbe. Watu wamewahi kupotea njiani, kulewa, hata kuoa huko walikotumwa, lakini wote walirudi na ripoti.

“Unajitoa mu famille?” mjomba aliuliza.

“Mu kazi, mujomba.”

“Kazi na famille iko kitu moja.” Alinyanyuka, akavaa miwani, akatoa simu yake, na mbele ya watu wote akaniondoa katika kundi. Ilimchukua muda, kwa sababu hakujua ni wapi pa kubonyeza, na ikabidi mdogo wangu amwoneshe. Nilisubiri nikiwa nimesimama.

Lakini mjomba ni mtu wa ofisi. Alipomaliza kuniondoa alibaki ameshika simu, akakunja uso, na nikaona ngumi inaanza kutafuta meza. Katika ofisi aliyofanya kazi, mtia sahihi akifukuzwa, kile alichotia sahihi nacho kinakwenda.

“Kama délégué ametoka, ripoti yake imetoka naye,” alitangaza. “Hatuko na résultat tena. Tutatuma mwingine.” Akatazama huku na huku, akitafuta mtu atakayenionyesha adabu. “Mudogo yake ataenda. Ule haiko na kiburi.” Ngumi ikashuka.

Niliinamisha kichwa ili wasinione usoni. Miezi miwili ya sayansi, vifungo na machozi haikufanya kitu, na muhuri usiokuwepo ukafanya kazi kwa sekunde moja. Mdogo wangu alipigiwa makofi. Hata yeye alifurahi, ingawa alinitazama kwa wasiwasi, kana kwamba ameninyang'anya kitu. Wiki mbili baadaye aliondoka pamoja na dada mkubwa, ambaye alikuwa na miadi yake huko huko Kampala.

Yaliyofuata kwa upande wa ukoo nitayasema haraka. Majibu ya mdogo wangu yalipofika, mjomba alifufua ripoti yangu, akakuta ana ndiyo moja na hapana moja, akatamka kwamba hiyo ni match nul, yaani sare, na kwamba sheria inataka délégué wa tatu. Akatumwa binti wa mama mdogo. Matokeo yake yakaleta ubishi, akatumwa wa nne. Sasa tuko kwa wa sita. Kwa njia hiyo ya kipuuzi, mmoja baada ya mwingine, kwa makofi na maombi, ukoo unapimwa kama daktari alivyosema siku ya kwanza. Amebaki mjomba mwenyewe. Anasema mwenyekiti hapigi kura.

Siku ile ya majibu tulikuwa watatu, nyumbani kwa dada mkubwa. Mdogo wangu alikuja na bahasha haijafunguliwa na binti yake mgongoni. Alininyoshea nisome, halafu akaurudisha mkono wake, akafungua mwenyewe. Kiingereza chake si kirefu lakini neno lile halihitaji kirefu.

“Niko nayo,” alisema.

Dada mkubwa alisogea kwenye kiti ili ampishe, akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu alipougua nikamwona analia. Alianza kumweleza kama anayemweleza mgeni njia za mjini: daktari yupi ni mpole, foleni ipi ni fupi, abebe kitenge kwa sababu vyumba vya kule vina baridi, asiogope mashine ya picha. Mdogo wangu aliuliza, dada alijibu. Titi la mdogo wangu lilikuwa bado zima. Daktari kijana alikuja kusema kwamba tumewahi, atachunguzwa kila baada ya miezi sita, na mambo ya kukata wataongea taratibu. Niliketi upande wa pili wa meza na majibu yangu mazuri. Nasema ukweli: niliwaonea wivu, na nilijichukia kwa wivu huo.

Binti alishuka mgongoni kwa mama yake, akaanza kutafuna kona ya bahasha. Mdogo wangu alimtoa bahasha mdomoni.

“Na huyu?” aliniuliza. “Weye unafundisha. Huyu je?”

“Nusu kwa nusu,” nilisema. “Sasa haipimwe. Akikomaa, atajipimisha mwenyewe.”

“Na kama ataogopa?”

“Tutaenda naye.”

“Siye wote?”

“Siye wote tatu.”

Dada mkubwa alikuwa anamimina chai. Hakuinua macho.

“Ule wakati miye musinihesabu,” alisema.

Tulimhesabu.